Asubuhi Ambayo Bamba Halikulia

Kwa mara ya nne katika siku nne Kapteni Ratib alipiga goti mahali pale pale, na goti lake la kushoto likalalamika kama bawabu aliyeamshwa usingizini. Mbele yake palikuwa na sakafu fupi ya zege, pale njia ya changarawe ilipokoma. Baada ya zege ulianza ubao wa kwanza wa daraja refu la mbao lililopasua matete hadi katikati ya bwawa la Ain Hawra. Ubao ulikuwa juu ya zege. Alisimamisha rula kwenye kile kiinuko.

Sentimita tano. Jana tano, juzi tano, na siku ile walipomtoa Haji Mitib kifudifudi katika maji yasiyofika magotini, kiti chake cha magurudumu kimempindukia mgongoni, zilikuwa tano.

"Hazijaongezeka?" aliuliza Sajini Ibtisam.

"Wala hazijapungua. Andika."

"Afande, hizo tano nimeziandika mara tatu. Sasa naziota."

Ratib hakucheka. Ripoti ilikuwa kwenye kiti cha gari, imekamilika, imekosa saini tu. Fundi Shahin, aliyelijenga daraja lile, aliunga vibaya njia na mbao. Magurudumu madogo ya mbele yaligonga kiinuko, kiti kikapinduka, mzee akarushwa pembeni. Uzembe uliosababisha kifo. Shahin alikuwa mahabusu, na hakujitetea kwa neno hata moja.

Hilo la kutojitetea ndilo lililomkosesha Ratib raha. Siku ile ya msiba, hata maiti haijaoshwa, wazee wa ukoo wa Shahin walikimbilia kwa wafiwa kuomba atwa, muda wa amani, ili damu za vijana zisichemke. Ziko atwa za namna mbili. Ipo ya siku tatu na theluthi, ambayo mtu huiomba bila kukiri kitu. Na ipo ya kukiri. Kwa woga na haraka, na kwa kudhani unyenyekevu haujawahi kumponza mtu, wazee waliomba ile ya pili. Tangu hapo Shahin alifungwa mdomo na watu wake mwenyewe, maana mzee akishasema, mdogo hana neno. Kila alipoulizwa mahabusu alijibu lile lile: "Maneno yako kwa wazee, afande."

Leo baada ya sala ya alasiri wazee hao wangekwenda nyumbani kwa wafiwa kupokea masharti. Masharti yalikwisha kuvuja mtaani. Shahin angefikishwa mahakamani akibeba ungamo la ukoo wake kichwani kama mzigo wa kuni, na mkewe na watoto wangehama mji. Asubuhi hiyo Ratib alikuwa amepita mbele ya nyumba yao. Lori lilikuwa limeegeshwa tayari, magodoro juu.

Aliegemea ubao ili ainuke. Kidole gumba kikateleza juu ya vumbi, kikaingia kitundu.

Akabaki pale pale, nusu kasimama. Akapuliza vumbi. Kitundu kimoja, halafu cha pili, cha tatu, cha nne, vyote karibu na ncha ya ubao.

"Mchwa?" Ibtisam akainama.

"Mchwa hana bisibisi." Ratib alichomeka ncha ya kalamu ndani. "Tazama kuta zake. Hizi ni njia za skrubu. Na ubao kwa ndani bado mweupe, jua halijaula. Siku nne zote nimepima kilichopo. Sikuuliza kisichokuwepo."

Ibtisam alileta kipande cha boksi la tende kutoka garini. Ratib alikilaza juu ya ubao, akabonyeza kwa kidole mpaka vitundu vinne vikajichora. Vilikuwa mstari mmoja, isipokuwa cha tatu. Hicho kilikuwa kimekaa kando, vidole viwili nje ya wenzake.

"Kazi ya mlevi," alisema Ibtisam.

"Au ya mtu aliyekuwa na sababu," alijibu Ratib.

*

Mhandisi Arwa, aliyechora daraja lile, alifika saa nne, gari lake jeupe kwa vumbi la barabara ya Akaba. Alikuwa huko kwa kazi nyingine wiki nzima, na picha ya mahali pa ajali alitumiwa na kituo asubuhi hiyo tu. Hakusalimia. Alipita chini ya utepe wa polisi, akasimama mbele ya kiinuko, akashika kichwa.

"Bamba liko wapi?"

"Bamba gani, dada?" aliuliza Ratib kwa upole wa mtu aliyekwisha kuhisi jibu.

"La alumini! Urefu sentimita themanini, lina vinundu vya kuzuia utelezi. Mmelipeleka wapi?"

"Sisi tumelikuta halipo. Nieleze kana kwamba mimi ni mwanao wa darasa la tatu."

Arwa alivuta pumzi. "Nguzo za daraja zimesimama kwenye tope. Tope halina ahadi, afande. Msimu wa kwanza daraja hukaa chini kidogo kidogo, maji yakipungua hukaa tena. Zege lenyewe haliendi popote. Ukivifunga pamoja visicheze, kiangazi kimoja tu vinapasuka. Kwa hiyo unaliacha daraja juu kwa vidole vitatu, halafu unaweka bamba. Upande huu limekazwa kwa skrubu kwenye ubao, upande ule limelala tu juu ya zege, linateleza lenyewe daraja linaposhuka. Mwenye magurudumu hajui kama ametoka kwenye changarawe. Hicho kiinuko mnachokipima hakikutengenezwa mtu akione."

"Kwa hiyo Shahin hakukosea."

"Shahin?" Arwa alicheka bila furaha. "Yule alinichosha roho. Pimamaji haimtoshi. Anaweka glasi ya chai iliyojaa kwenye kiti cha magurudumu, anakisukuma, avuke. Tone likimwagika anabomoa. Alibomoa mara mbili."

Ratib alimwonyesha boksi la tende. "Na hiki cha tatu?"

"Hapo ubao una fundo. Skrubu kwenye fundo haishiki, inalegea. Nilimwambia weka tu, nani ataona? Akaniambia, 'Fundo litaona.'"

Ibtisam alipangusa vumbi. Fundo jeusi lilikuwa pale, limetulia kama jicho.

"Wezi wa chuma chakavu," alisema Arwa. "Mwezi uliopita waliiba mfuniko mzima wa mtaro."

Ilionekana hivyo. Ibtisam alitumia saa nzima kwenye simu na wanunuzi wa vyuma chakavu, kuanzia hapo hadi Zarqa. Wawili walimtukana kistaarabu, wa tatu akaomba namba yake. Bamba hakuna aliyeliona.

*

Mlinzi Khalaf alikuwa kibandani kwake langoni, ameelekea kule nyati wa maji wanakooga, mgongo umeelekea daraja. Alipomwona Ratib alinuna. Alikuwa na haki. Siku mbili za mwanzo Ratib alizimaliza kwake, kwa sababu Khalaf aliapa kwamba asubuhi ile hakuna mtu aliyevuka, na maiti ilikuwa majini. Ama alilala, ama alidanganya.

"Umekuja kuniita mwongo tena?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee Khalaf. Ulijuaje kwamba hakuna aliyevuka? Daraja huliangalii."

"Naangalia la nini? Nina masikio. Mtu akikanyaga pale bamba linalia. Kwa mwenye miguu linalia mara moja, kang. Kiti cha Haji mara mbili: kang ya mbele, kang ya nyuma. Nami nikisikia hizo mbili nampigia kelele bila kugeuka, 'Karibu, Haji!' Naye ananitukana." Macho ya mzee yalitafuta nyati. "Asubuhi ile halikulia, nilisikia nyati tu. Nikasema, leo kalala."

"Hilo la bamba mbona hukunieleza?"

"Uliniuliza nililala? Nikasema sikulala. Uliniuliza nani alinihonga? Nikasema hakuna. Bamba hukuuliza."

Ratib alilimeza hilo. "Haji alikuwa akifika na nani?"

"Na Wadi, mwanawe. Anamsukuma kutoka nyumbani mpaka hapa langoni, kisha anakwenda gereji kwake. Kuanzia hapa mzee hataki kuguswa. Alilivuka wiki moja tu tangu lifunguliwe, lakini asubuhi zote saba alikuwa wa kwanza." Khalaf alitabasamu kidogo. "Alikuwa akisema, 'Khalaf, daraja lenu lina adabu kuliko mlango wangu.'"

Ratib, aliyekuwa amekwisha kugeuka, alisimama.

Garini alimwambia Ibtisam asome maelezo ya Wadi, yale aliyoyatoa hospitalini. Sajini alisoma kwa sauti iliyochoka: "'Baba alitoka mwenyewe alfajiri. Sisi nyumbani sote tulikuwa tumelala. Nilipoamka nikakuta kitanda kitupu.'"

"Basi?"

"Basi."

"Nyumba ya Haji ni ya yale mawe meusi ya zamani. Nyumba hizo sakafu huwa juu, unapanda ngazi moja kutoka uani. Mtu aliyekatwa miguu yote kwa kisukari, na kiti chake, alishukaje?"

Ibtisam alifunga jalada taratibu. "Pengine mlango ni tambarare. Tumewahi kuuona?"

Hawakuwahi. Siku zote tatu matanga yalikuwa kwenye hema barabarani. Hema lilikuwa limeng'olewa jana.

Muadhini wa alasiri akaanza.

*

Wazee wa ukoo wa Shahin walikuwa kumi na wawili, vitambaa vyao vyekundu na vyeupe vimefungwa vizuri vichwani, nyuso zimeinama. Ratib alikuwa shahidi wa serikali, kwa hiyo alifuata nyuma yao uani. Mzee wao, Abu Nimr, alitangulia mlangoni akiegemea fimbo.

Kang.

Wa pili akaingia. Kang. Wa tatu. Kang. Mtu baada ya mtu, bila mmoja wao kutazama chini, maana mtu anayekwenda kuomba msamaha hatazami miguu yake isipokuwa kwa aibu.

Ratib alitazama. Mbele ya kizingiti cha jiwe jeusi lililala bamba la alumini lenye vinundu, upana limezidi mlango kwa kila upande, upande wa juu limekazwa kwa skrubu kwenye kipande cha mti kilichobanwa na jiwe. Alimkabidhi Ibtisam boksi la tende. Kisha akapita. Kang.

Sebuleni watu walikaa kwenye magodoro kuzizunguka kuta. Wadi, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu mwenye mafuta ya gari yasiyotoka kuchani, alizunguka na birika la kahawa. Kila mgeni alipokea kikombe, akakiweka sakafuni mbele yake. Hakuna aliyekunywa. Mwenye haja hanywi mpaka ajibiwe.

"Tumekuja tukiwa wakosefu," alianza Abu Nimr. Sauti yake ilikuwa kavu. "Damu ni yenu, neno ni lenu."

Kaka wa marehemu, Abu Dhiab, mtu mkubwa mwenye kifua kama kabati, alikohoa. "Ndugu yangu alikwisha kupoteza miguu. Fundi wenu akammalizia kilichobaki. Basi nyie kunyweni kahawa yenu, na masharti yetu ni..."

"Samahani, ami." Ratib aliweka kikombe chake sakafuni. "Hata mimi nina haja. Sinywi."

Minong'ono ikapita chumbani. Serikali huamuru, haiombi.

"Una haja na nani?" aliuliza Abu Dhiab, amekunja uso.

"Na Wadi. Wadi, ndugu yangu, asubuhi ile mlikuwa mmelala wote. Baba yako alishukaje ngazi ya mlango?"

Mdomo wa birika uligonga kikombe. Kahawa ikamwagika mkekani, hakuna aliyefuta.

"Alikuwa akishushwa na wewe," aliendelea Ratib. "Kila siku. Asubuhi ile hukumshusha. Nani alimshusha?"

"Swali gani hili mbele ya wageni?" Abu Dhiab alinyanyuka nusu. "Mtoto ana msiba!"

Sauti ya Ibtisam ilitoka mlangoni, ya kikazi, bila kupanda wala kushuka. "Afande, bamba lina vitundu vyake vya zamani. Vinalingana na boksi. Hata cha tatu."

Abu Dhiab alimtazama sajini, akatazama mlango, akamtazama mtoto wa ndugu yake. Aliketi polepole.

Wadi aliliweka birika chini kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto.

"Siku ya ufunguzi alilivuka mara kumi na moja," alisema. "Nilihesabu. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Anacheka peke yake. Mimi miaka minne nambeba mlangoni kama gunia, asubuhi na jioni, na kila siku ananiomba radhi. Baba yangu, ananiomba radhi mimi!" Alielekeza kidole mlangoni. "Nikasema nitalichukua bamba lao siku mbili tu. Nitengeneze mfano wake gerejini, nirudishe la kwao. Jioni daraja lilipofungwa nikalifungua bamba, nikaja kulikaza hapa. Akatoka. Akaingia. Akakaa uani kama bwana harusi. Akaniambia, 'Wadi, kesho usiamke kwa ajili yangu.'"

Abu Dhiab alijifunika uso kwa kiganja.

"Sikuamka," alisema Wadi.

"Na kule darajani?" aliuliza Ratib.

"Sikufikiri angekwenda kule bila mimi. Nilifikiri ataishia uani. Alikuwa na ua wake sasa." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini kabla sijafungua mdomo wazee wakaingia, wanasema wao ndio waliokosa. Wamesema wenyewe! Nikanyamaza. Siku ya kwanza ilikuwa rahisi. Jana nimeona magodoro kwenye lori la Shahin, nikashindwa kula."

Abu Nimr alikuwa ameikaza mikono yote miwili kwenye fimbo. "Tuliungama," alinong'ona, si kwa mtu yeyote. "Hatukumuuliza hata kijana wetu. Tuliungama tu."

Abu Dhiab alisimama. Alikuwa mzito, alisimama kwa hatua tatu. Alikwenda mpaka mbele ya Abu Nimr, akachukua kikombe kilichopoa, akakimwaga kwenye jivu la meko, akakijaza upya kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akapiga magoti, mwili ule wote, akakiweka mbele ya mzee mwenzake. Hakurudi kukaa.

"Leo mwenye haja ni mimi," alisema. "Unywe au usinywe."

Abu Nimr alikitazama kikombe. "Kwanza kijana wangu atoke."

"Atatoka kabla ya magharibi," alisema Ratib.

"Na lile lori?"

"Vijana wangu watashusha godoro moja moja," alisema Abu Dhiab. "Na mimi mwenyewe nitakuwepo."

Ndipo mzee akanywa. Vikombe vingine kumi na kimoja vikainuka kwa pamoja. Ratib aliinua chake mwisho. Kilikuwa baridi na kichungu, akakimaliza.

Ibtisam alimsogelea Wadi na pingu. Ratib akatikisa kichwa.

"Kwanza alibebe bamba."

*

Jua lilikuwa bado juu ya matete Shahin alipopiga magoti kwenye ubao wake wa kwanza. Alikuwa mwembamba, ndevu za siku nne, nguo zina harufu ya mahabusu. Tangu afunguliwe alikuwa amesema maneno mawili tu: "Bisibisi yangu." Wadi alishikilia bamba. Hawakutazamana. Skrubu ya kwanza, ya pili. Kwa ya tatu Shahin alipapasa kwa kidole, akalipita fundo, akakaza.

"Ungesema," alisema Wadi chini chini. "Kwamba bamba lilikuwepo."

"Nisemeje, na wakubwa wamekwisha kusema?" Shahin alikaza ya nne. "Wewe mbona hukusema?"

Wadi aliachia bamba, akasogea pembeni.

Kiti cha Haji Mitib kilikuwa kimetoka kwenye stoo ya vielelezo, gurudumu moja la mbele limepinda kidogo. Arwa alileta chai kutoka kibandani, glasi imejaa mpaka ukingoni. Shahin aliiweka katikati ya kiti, akajitenga. Ratib alidhani angesukuma mwenyewe, lakini fundi alimtazama Wadi kwa mara ya kwanza.

"Wewe ulikuwa unamsukuma mpaka langoni tu," alisema. "Leo mvushe."

Wadi alishika mishikio. Changarawe zikanung'unika chini ya magurudumu, zikaisha, zege likaanza bila mtikisiko.

Kang. Kang.

"Karibu, Haji!" Sauti ya Khalaf ilitoka kibandani, ya mazoea, mgongo umegeuka. Kisha kimya, kirefu, mpaka nyati mmoja akakoroma majini.

Wadi alibaki ameinama juu ya kiti. Chai haikumwagika tone.

Ibtisam alifungua daftari. Kwa mara ya tano katika siku nne Kapteni Ratib alipiga goti. Aliweka rula pale zege linapokutana na bamba, kisha pale bamba linapokutana na ubao, akasubiri rula itulie.

"Sifuri," alisema. "Andika."